Kumi kwa Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Miguu thelathini na minane kabla ya saa sita. Watu kumi na tisa, na waliokumbuka kuosha miguu kabla ya kuileta kliniki ni wanne. Wanne! Wengine wamekuja na vumbi la wiki nzima, wananinyooshea nyayo kana kwamba mimi ndiye niliyewaomba waje. Nimeshachoka na binadamu kuanzia vifundoni kwenda chini.

Kazi yenyewe rahisi kuieleza. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaua mishipa ya fahamu, na inaanzia miguuni, kimyakimya. Mtu anaungua hajui, anakatwa hajui, anakuja kushtuka kidonda kimeshafika mfupani. Ndipo naingia mimi na kijiti changu chenye uzi mnene wa nailoni kwenye ncha. Mgonjwa analala, namfunika macho kwa taulo, nagusa sehemu kumi za mguu. Nabonyeza mpaka uzi upinde, naachia. Akisikia anasema "ndiyo." Asiposikia anakaa kimya. Kumi kwa kumi, mguu mzima. Chini ya hapo ni hatari, na naandika hatari.

Miaka ishirini na mbili. Mkono wangu haujawahi kutetemeka. Huko benchi la nje wananiita Madamu Uzi, wanadhani sijui.

Wasiosikia nawapa vidonge vyao, na si vya dawa. "Ulikuwa unafanya nini miaka yote hii? Mguu ni wako au wa jirani?" Halafu nawaambia habari za kaka yangu: sukari mwaka wa kumi na nne, fundi cherehani, anakanyaga pedeli kutwa, na kila nikimpima ni kumi kwa kumi. Anayejitunza anaonekana. Wanainamisha vichwa. Vizuri, wainamishe.

Leo tumeletewa balaa. Daktari Mkuu — huyu anayesaini kadi zangu bila kuzisoma, angesaini hata karatasi ya kufungia sabuni — ametangaza kwamba kuna mtaalamu amehamishiwa kwetu, pamoja na mashine ya kupima miguu kwa mtetemo. Mama wa makamo, koti jeupe lenye mstari wa pasi, sauti ya chini utadhani anaongea na mahututi. "Dada, nimesikia sifa zako." Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nimeshampa jina: Bi Mtetemo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiona mashine. Kisanduku chenye kioo cha namba, waya, na mwisho wa waya kitu kama kizibo cha chupa. Anakiweka kwenye kidole gumba, anazungusha kitasa, kizibo kinaanza kutetemeka. Mwanzo kidogo sana, kisha zaidi, kisha zaidi. Mgonjwa akianza kuusikia mtetemo anasema, naye anasoma volti. Namba ndogo, mguu mzima. Ikivuka ishirini na tano, mguu uko hatarini.

Ndiyo hiyo. Dakika nane kwa mtu mmoja! Na umeme ukikatika tutatetemeka wenyewe.

Wagonjwa wanaipenda, bila shaka. Mpe mtu kitu chenye taa, atakusahau wewe uliyempima tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Alianza na Mwalimu Mstaafu. Huyu ni mtu wa nidhamu, lazima niseme. Hutembea na soksi za akiba mfukoni. Kwangu ni kumi kwa kumi, miaka nenda miaka rudi. Kwake? Thelathini na nane. Bi Mtetemo akanijia taratibu na karatasi yake: labda tungerudia pamoja, dada. Nikamwambia arudie yeye na sanduku lake. Nilisonya, nikarudi kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Saba sasa. Watu saba ambao kadi zangu zinasema wazima, sanduku linasema hatari. Bi Mtetemo anaandika tu. Afadhali mtu anayefoka. Hawa wapole ndio wanaokuchimba.

Daktari Mkuu kasikia. Kaja mlangoni na kikombe chake cha chai, kasema eti tulinganishe matokeo wiki mbili, "kwa faida ya wote." Hajashika mguu wa mtu tangu amalize chuo. Nikamuuliza kama mashine imepimwa na mtu kabla ya kuanza kupima watu. Akanywa chai.

Mashine ni mbovu. Nyani haoni kundule. Mtu anabeba kisanduku kibovu kutoka alikotoka, halafu anakuja kutafuta kasoro kwa wenzake.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Kaka mchana. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba: meza ya kukatia, pasi, nguo zilizotundikwa mpaka dirisha limezibika, na cherehani ile ile nyeusi. Kwa cherehani ile nilisoma, nikafaulu, nikaenda chuo. Baba alipofariki, Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa na mimi sita. Sare zangu zote ni mkono wake, hata ile ya kwanza ya uuguzi. Kuna watu wawili duniani ninaowaheshimu, na mmoja alishazikwa.

Analalamika cherehani imeota kiburi. Anaikanyaga, haimpi jibu. Mara inaenda mbio, mara inasimama, hajui kama kaikanyaga au la. Kamwita fundi mara mbili. Mafuta, mkanda mpya, kila kitu. Fundi kamwambia mashine haina ugonjwa wowote.

"Mafundi wa siku hizi!" nikasema.

"Hawajui kitu," akasema Kaka.

Wifi akaleta hadithi yake. Eti juzi mume wake katoka kununua vifungo karudi na ndala moja. Nyingine imechomoka njiani, imebaki huko, na mwenyewe hana habari! Kaingia ndani, kakaa, kaomba maji. Mpaka Wifi alipomwambia angalia miguu. Kaka alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia. Uzee huo, nikamwambia, wenzio husahau miwani.

Wifi hakucheka sana. Akanifuata jikoni. "Wifi, nasikia huko kwenu kuna mashine mpya. Si umpeleke na yeye ajaribu?" Nikamjibu kwamba mimi namjua Kaka tangu hajatoa posa kwake, kwa hiyo mambo ya hospitali aniachie. Kadi yake inasema kumi kwa kumi na miadi yake ni Juni. Wifi ni mtu wa kuokota maneno barabarani na kuyaleta ndani kama mboga. Akakaza macho kwenye sinki, akaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Kaka alikuwa amepandisha miguu juu ya stuli. Chini ya kidole gumba cha kulia kuna sugu, katikati ina doa jeusi. Nikauliza. "Chaki ya kitambaa hiyo," akasema, akashusha mguu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa hasira na sitaki kuificha.

Asubuhi Bi Mtetemo kaomba akae kona ya chumba changu, "kujifunza." Nikamwachia. Nani hataki kufundisha? Kakaa na karatasi kwenye paja, hata kukohoa hakukohoa. Watu tisa wamepita. Wote kumi kwa kumi miguu yote miwili, akiwemo mmoja ambaye sanduku lake lilimpa thelathini na moja wiki jana. Nikamgeukia nikamwambia, umeona?

Akafunga mlango. Akasema, dada, usinielewe vibaya.

"Kila unapobonyeza uzi, unasonya."

"Mimi? Nasonya?"

"Kidogo tu. Kwa ncha ya ulimi. Wanasikia. Wanaujibu msonyo, hawaujibu uzi."

Akanionyesha karatasi. Watu tisa, sehemu ishirini kila mmoja, miguso mia na themanini. Misonyo mia na themanini. Mtu mzima, na koti lake jeupe, kakaa kona anahesabu mate yangu!

Nikamwambia katika miaka ishirini na mbili hakuna aliyewahi kuniambia upuuzi huo. Akasema, anaamini. Aliposema anaamini nilitamani kumtia na sanduku lake kwenye kabati na kufunga kwa ufunguo.

Jumanne, 11 Machi

Sisonyi.

Nimemuuliza mama wa usafi, kwa mzaha tu, kama ameshawahi kunisikia nikisonya. Akaegemea fagio. Akauliza: kazini, au kwa ujumla?

Jumatano, 12 Machi

Nimeingia na pipi ya mnanaa mdomoni. Kubwa, ya kujaza shavu. Ulimi ukiwa na kazi hauwezi kusonya. Nilitaka kumaliza maneno siku moja, kumi kwa kumi za kutosha, niziweke mezani kwa Bi Mtetemo nimwangalie akitafuta pa kuweka macho.

Wa kwanza Mama Mitumba, yule anayeuza nguo kwa sauti mpaka ndani ya wodi. Nikamfunika taulo. Nikagusa kidole gumba, uzi ukapinda. Kimya. Cha kati. Kimya. Kidogo. Kimya. Unyayo. Kisigino. Nilidhani kasinzia.

Akanyanyua pembe ya taulo. "Madamu, bado hujaanza?"

Nilikuwa nimeshamaliza mguu mmoja.

Watu kumi na wanane leo. Kumi na mmoja wameshuka chini ya kumi. Wengine walianza kubahatisha — ndiyo, ndiyo, kimya, ndiyo — hovyo, kama watoto walioibiwa kikaratasi cha kunakilia katikati ya mtihani. Mwalimu Mstaafu, wa soksi za akiba: mbili kwa kumi. Nikatoa pipi mdomoni.

"Mwalimu, umekuwa ukinidanganya."

Akakaa kitako, akakunja taulo vizuri, pembe kwa pembe. Akasema hakudanganya, alifaulu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kisha akasema yote. Pale benchi mgeni akija anafundishwa na wenyeji. Utaratibu ni ule ule: gumba, cha kati, kidogo, unashuka. Usihangaike kusikia. Akisonya, sema ndiyo. Nani alianza? Hakumbuki. Yeye mwenyewe alifundishwa na mtu ambaye sasa anatembelea magongo.

Mwalimu mzima! Kafukuza wangapi darasani kwa kunakili? Na sasa anaibia mtihani wa miguu yake mwenyewe. Kundi zima la watu wazima, wazazi, wenye nyumba na wajukuu, wanapanga njama wasigundulike kwamba wanaoza! Sijawahi kuona ujinga uliopangwa vizuri hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamvizia Mama Mitumba kabla hajafika kwa Bi Mtetemo. Nikamuuliza swali moja: kwa nini?

Akaniangalia kama mteja anayeuliza bei ya nguo ambayo hataweza kuivaa. "Madamu, nikuambie?"

"Niambie."

"Mtu akisema hasikii, unamfokea mpaka sisi wa nje tunasikia. Uzembe wake, ulafi wake, yote. Halafu tunapigwa na huyo kaka yako. Kaka yangu hivi, kaka yangu vile. Sasa nani atake kutoka pale mlangoni kachafuliwa mbele za watu? Unasema ndiyo, unavaa viatu, unaenda zako."

"Na mguu?"

"Mguu hauumi," akasema. "Ungeuma ningesema."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu, hata mawili. Ila nilikuwa nimeshaliona lile benchi. Kaka hukaa pale. Kila miadi. Hataki kurushwa foleni, hataki watu waseme ni ndugu wa Madamu. Anakaa na wenzake saa nzima, na Kaka anaongea na kila mtu.

Ndala moja. Cherehani yenye kiburi. Fundi aliyekuja mara mbili akaambiwa hajui kitu — na aliyeanza kumtukana ni mimi. Na lile doa. Tangu lini chaki ya kitambaa ikawa nyeusi?

Naogopa. Nimeshaandika, basi.

Nikaenda kwa Bi Mtetemo. Nilijiandaa aninyanyase, ningekuwa mimi ningemnyanyasa. Akavuta kiti tu. Tukaongea kuhusu mguso wa uongo: unauliza bila kugusa, mara moja moja, uone kama mtu anajibu mguu wake au anakujibu wewe. Nilifundishwa chuoni. Niliacha mwaka wa pili au wa tatu, unapoteza muda. Miguu thelathini na minane kabla ya saa sita, nilikuwa najisifu nayo! Nani alikuwa ananipigia makofi?

Nikampigia simu Kaka.

"Si ulisema Juni?"

"Njoo kesho."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna mashine mpya."

"Ile ya upuuzi?"

"Ile ile."

Akacheka. Ana sare za watoto arobaini za kumaliza na cherehani haimsikii. Nikamwambia Kaka, nakuomba. Sijui mara ya mwisho nimemwomba kitu lini. Akasema atakuja, ila nisimwambie Wifi, atajaza nyumba maneno.

Nimempigia Wifi papo hapo. Nikamwambia samahani ya Jumapili. Alidhani nimekosea namba.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba cha miguu, saa nne na robo. Naandika hapa hapa mezani. Yeye yuko kitandani nyuma yangu.

Amekuja na shati la kutokea, miguu imeoshwa, kucha zimekatwa. Nilimkuta benchini katikati ya Mwalimu Mstaafu na Mama Mitumba, anawapigia soga. Waliponiona wakanyamaza. Nikasema nampima na uzi kwanza, mashine baadaye. Akasema ndiyo, uzi ndio kipimo, hivyo vyenye waya ni vya kuchezea. Maneno yangu mwenyewe, kayatunza.

Nikamlaza. Nikamfunika macho kwa taulo. Doa bado lipo. Nimeinama nikaliangalia kwa karibu, kwenye taa. Ni damu, chini ya ngozi ya sugu, na ukingo mmoja umeanza kuwa na unyevu. Pembeni kimenata kiuzi chekundu cha kushonea.

Nikakaa kwenye stuli. Kijiti nikakiacha mezani. Mikono nikaiweka mapajani, nikaifumbata.

Nikasonya.

"Ndiyo," akasema Kaka.

Nikasonya tena. "Ndiyo." Tena. "Ndiyo." Hakuchelewa hata mara moja. Mwendo wake ule ule wa pedeli ninaoujua tangu utotoni, nikilala chini ya meza ya kukatia. Kumi. Sikunyanyua mkono.

"Kumi kwa kumi?" akauliza chini ya taulo.

Ndipo nikageukia meza nikachukua daftari hili, maana kalamu nimeishika na kwenye kadi yake haiandiki kitu. Kadi zake za miaka kumi na minne ziko kwenye droo hii, zote mwandiko wangu. Bi Mtetemo yuko chumba cha pili, nasikia sanduku lake likinguruma kwenye mguu wa mtu. Ni kugonga ukuta tu nimwite. Nanyanyuka sasa hivi. Nanyanyuka nikimaliza mstari huu.

"Leo mkono wako mwepesi, mdogo wangu," anasema. "Kama hujanigusa vile."

Ameshanyoosha mguu wa kushoto. Anangoja nisonye.